Seva ya Lushoto inaona Tanga, kompyuta za kaunta hazioni kitu. Naomba msaada

karani_wa_bati – Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wadau, habari za usiku. Naomba mnisomee taratibu maana mimi si mtu wa mitandao. Niliajiriwa kuandika stoo. Fundi wetu alipoacha kazi, tajiri akatuangalia wote ofisini, akaona mimi ndiye ninayejua kubadilisha wino wa printa. Basi, kuanzia siku hiyo nikawa "mtu wa kompyuta".

Tunauza vifaa vya ujenzi. Duka kubwa liko Tanga mjini, tawi liko Lushoto. Fundi aliacha kazi ya kuunganisha tawi ikiwa nusu, na daftari lake lina kurasa mbili tu zinazosomeka. Hali iko hivi:

Tanga ni 192.168.10.0, maski (inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja) 255.255.255.0. Ruta ya faiba ni .1, yaani 192.168.10.1. Seva inayopokea VPN (njia ya faragha ya kuunganisha ofisi mbili kupitia intaneti) ni .5, Windows Server 2016 yenye RRAS (sehemu ya Windows inayopokea miunganisho hiyo na kuelekeza njia). Mashine yenye programu ya stoo ni .8.

Lushoto ni 192.168.20.0, maski ile ile. Ruta ya 4G ni .1. Kuna seva kuukuu, .2, ndiyo inayopiga Tanga. Kompyuta za kaunta ni .21 na .22, na printa ni .50.

Seva ya Lushoto inapiga kwa PPTP (aina ya zamani ya VPN), inakubaliwa, inapewa 192.168.10.201. Nikiwa nimekaa kwenye seva hiyo nikipingi (kutuma ujumbe mdogo wa kujaribu) 192.168.10.8, jibu linakuja, milisekunde sitini hivi. Programu ya stoo inafunguka vizuri kabisa. Sasa sogea hatua tatu mpaka kompyuta ya kaunta. Kimya. Hata 192.168.10.5 yenyewe haijibu.

Kompyuta za kaunta nimeziwekea njia hii:

route -p add 192.168.10.0 mask 255.255.255.0 192.168.20.2

Na Tanga, kwenye RRAS, njia ya kwenda 192.168.20.0 ipo. Fundi aliiweka ipitie intafesi (mlango wa muunganisho) inayoitwa Lushoto. Nimezima faiawoli za seva zote mbili, haikusaidia, nikaziwasha tena. Nimebadilisha waya. Nimezima na kuwasha kila chenye swichi. Nimepanda zile kona za kutoka Mombo mara mbili ndani ya siku saba, mara ya pili kuna ukungu wa kukatwa kwa kisu, na kote huko nimerudi mikono mitupu.

Hii ni tracert (orodha ya vituo vya njiani, nyota ni kukosa jibu) kutoka .21 kwenda 192.168.10.8:

1   <1 ms   192.168.20.2
2   *   *   *
3   *   *   *

Kutoka kwenye seva ya .2 kwenda huko huko (.200 ni ile ile seva ya Tanga, upande wake wa VPN):

1   57 ms   192.168.10.200
2   59 ms   192.168.10.8

Kwa sasa mteja akiuliza bati za geji 28 Lushoto, Mwanaidi wa kaunta ananipigia simu, mimi naangalia kwenye skrini ya Tanga, namjibu. Siku ya soko ananipigia mara arobaini. Nisaidieni kabla sijatupa simu baharini.

ruta_ya_mtaa – Jumatatu, saa 4:05 usiku

Mkuu hiyo ndogo. Washa NAT (kuficha anwani nyingi nyuma ya moja) kwenye seva ya Lushoto, upande wa VPN. Kompyuta zote za kaunta zitaonekana Tanga kama 192.168.10.201, ambayo tayari inajibiwa. Dakika tano umemaliza, ukalale.

karani_wa_bati – Jumatatu, saa 4:18 usiku

Asante kaka. Ila kuna jambo sikulisema. Tajiri anataka hati za kutoa mzigo zichapwe Lushoto moja kwa moja kutoka Tanga, kwenye ile printa ya .50. Kwa NAT itawezekana?

mzee_wa_modemu – Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Haitawezekana, au itawezekana kwa viraka juu ya viraka. NAT ingekufungulia njia ya Lushoto kwenda Tanga tu. Kutoka Tanga printa ya .50 isingeonekana, mpaka uanze kufungua bandari (porti) za mtandao mojamoja, na mwezi ujao tajiri akileta mashine ya kusoma vidole uanze upya. Aliyekushauri hakukosea, kakupa dawa ya maumivu. Tutafute ugonjwa kwanza.

Usiguse kitu chochote. Fungua RRAS hapo Tanga uniambie mambo mawili. Kwenye "Network Interfaces" utaiona hiyo Lushoto: hali yake imeandikwaje? Halafu fungua "Remote Access Clients": kuna nani humo?

karani_wa_bati – Jumanne, saa 2:25 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimefika ofisini nikaenda moja kwa moja kuangalia.

Kwenye ile ya kwanza, Lushoto inasema haijaunganishwa. Nilishawahi kuona hivyo, nikadhani ni skrini haijajisasisha, kwa sababu VPN iko hewani na ninaitumia. Kwenye ya pili kuna mtu mmoja, anaitwa vpnlushoto, yumo kwa saa kumi na moja na dakika sita.

mzee_wa_modemu – Jumanne, saa 3:00 asubuhi

Marahaba mwanangu. Umeshaupata ugonjwa, ila hujautambua. Ngoja nikusimulie, kwa sababu mimi ulinila siku tatu.

Mwaka 2003 nilikuwa Mwanza, kwenye kampuni ya kusindika samaki yenye tawi Bukoba. Windows 2000 Server kila upande, modemu za nje zenye taa nyekundu, laini za simu za kawaida. Kwenye maboksi yake imeandikwa 56k, lakini modemu mbili za analogi zikipigiana haziwezi kuvuka 33.6, na usiku wa mvua tukipata 26.4 tulishukuru. Bukoba inapiga, modemu zinalia mlio wake ule, taa zinatulia, seva kwa seva zinaongea. Kompyuta za ndani ya ofisi ya Bukoba, kimya. Kama kwako.

Sasa sikiliza kioja. Kila kompyuta ya Bukoba ikijaribu kuifikia Mwanza, modemu ya pili pale Mwanza ilikuwa inaamka yenyewe na kupiga namba ya Bukoba. Inakuta laini ina mtu, kwa sababu Bukoba yuko kwenye simu na sisi wenyewe! Inakata. Inapiga tena. Mhasibu akaja kuuliza nani anampigia nani usiku kucha. Nilidhani modemu imeingia wazimu, nikaibadilisha na nyingine. Nayo ikafanya vile vile.

Modemu ilikuwa nzima. Seva ya Mwanza haikujua kwamba aliyeko kwenye laini ya kwanza ni tawi la Bukoba.

RRAS inapopokea simu inajiuliza: huyu ni mtu mmoja na kompyuta yake, au ni ruta yenye mtandao mzima nyuma yake? Haiwezi kujua kwa namba ya simu wala kwa anwani ya IP. Inaangalia jina la mtumiaji alilojitambulisha nalo. Jina hilo likiwa sawa na jina la intafesi ya kupiga iliyopo pale inapopokelewa simu, inaiwasha intafesi hiyo, na njia zote zinazopita humo zinakuwa hai. Likitofautiana hata herufi moja, anahesabiwa mteja wa kawaida: anapewa anwani moja, anakaa kwenye ile orodha ya wateja, na intafesi yako inabaki imelala.

Intafesi yako inaitwa Lushoto. Anayepiga anajiita vpnlushoto.

Ndiyo maana seva ya Lushoto inajibiwa. Inazungumza kwa 192.168.10.201, anwani ya mteja, na seva ya .5 inaijua anwani hiyo moja. Lakini pakiti ya kompyuta ya kaunta inafika Tanga ikiwa na 192.168.20.21. Imefika kweli, usidhani inapotelea njiani. Tatizo ni jibu. Seva inaangalia jedwali lake la njia, inaona 192.168.20.0 inapita kwenye intafesi Lushoto, intafesi Lushoto haiko hewani, basi inajaribu kuipiga, inashindwa, jibu linaishia hapo. Ndiyo zile nyota zako za hatua ya pili.

La kufanya: tengeneza mtumiaji mpya Tanga, jina lake Lushoto, herufi kwa herufi kama intafesi. Mruhusu kupiga kwenye kurasa za akaunti yake. Ondoa ile alama ya kumlazimisha abadilishe nenosiri mara ya kwanza, kwa sababu ruta haina mtu wa kukaa mbele yake na kuandika nenosiri jipya. Kisha nenda Lushoto ubadilishe jina na nenosiri ambalo ile seva inapigia. Njia usiziguse, ziko sawa.

Na siku mambo yakitulia, hama PPTP. Nenosiri linalopita humo kwa MS-CHAPv2 (utaratibu wake wa kuthibitisha nenosiri) lilionyeshwa hadharani mwaka 2012 jinsi linavyovunjwa. Lakini si leo. Jambo moja kwa wakati.

ruta_ya_mtaa – Jumanne, saa 3:20 asubuhi

Mzee umeniacha hoi na hiyo modemu inayopiga laini yenye mtu. Miaka yote natumia RRAS sikujua jina lina kazi hiyo. Nafuta maneno yangu ya NAT.

karani_wa_bati – Jumanne, saa 6:50 mchana

Nimefanya, na nimefanya ujinga pia, nausema ili mwingine asiurudie.

Mtumiaji Lushoto nimemtengeneza. Sikutaka kupanda mlima mara ya tatu, nikaingia kwenye skrini ya seva ya Lushoto nikiwa Tanga, kupitia ile ile VPN. Nikabadilisha jina, nikabofya ikate na ipige upya. Ikakata. Na mimi nikakatika nayo, kwa sababu nilikuwa nimekalia tawi ninalolikata. Mbaya zaidi, nenosiri nilikuwa nimekosea kuliandika, kwa hiyo haikuweza kurudi.

Mwanaidi akawa macho yangu. Simu begani, wateja wawili wanasubiri misumari, mimi namwambia "bofya kulia", yeye ananiambia "kulia kwa nani, kwangu au kwako?" Dakika ishirini. Mwisho akaandika nenosiri herufi moja moja huku akizitaja kwa sauti mbele ya wateja, kwa hiyo jioni hii nitalibadilisha.

Lakini imewaka! Tanga sasa intafesi Lushoto inasema imeunganishwa, na kule kwa wateja hakuna mtu. Kutoka .21:

1   <1 ms   192.168.20.2
2   58 ms   192.168.10.200
3   *   *   *

Nikipingi 192.168.10.5 inajibu. Mara ya kwanza tangu fundi aondoke! Lakini 192.168.10.8, yenye programu yenyewe, bado kimya. Mzee, nimebakisha nini?

nuru_wa_kisauni – Jumanne, saa 8:15 mchana

Salaam kutoka Mombasa. Nimekuwa nikisoma kimyakimya, niruhusuni niingie.

Ndugu yangu, hiyo .8 getiwei yake (mashine inayoikabidhi kila kinachokwenda nje ya mtandao wake) ni ipi? Nabashiri ni 192.168.10.1, ruta ya faiba. Kama ni hivyo, .8 ikipokea kitu kutoka 192.168.20.21 inasema huyu si wa mtaani kwangu, inampa ruta ya faiba jibu limpelekee. Ruta ya faiba nayo haijawahi kusikia habari za Lushoto, inalisukuma jibu kwenye intaneti na huko linatupwa.

Mwanzo hukuliona hili kwa sababu 192.168.10.201 ina sura ya mtu wa mtaani. Seva ya .5 ilikuwa inaitikia kwa niaba ya .201 pale kwenye waya, .8 haikuhitaji getiwei kabisa. Kwa hiyo ulikuwa na makosa mawili, la kwanza limelificha la pili.

Pahali pazuri pa kuliweka ni kwenye ruta ya faiba: 192.168.20.0 maski 255.255.255.0 ipite 192.168.10.5. Ukiweka hapo, mashine zote za Tanga zimepona kwa mara moja.

karani_wa_bati – Jumanne, saa 9:05 alasiri

Umebashiri sawa dada Nuru, getiwei ni .1. Ila ruta ya faiba ni mali ya kampuni ya intaneti na hawatoi nenosiri. Nimewapigia, wameniambia niandike barua pepe, niliyoiandika sijui itasomwa mwaka gani. Kwa hiyo nimeiwekea .8 peke yake:

route -p add 192.168.20.0 mask 255.255.255.0 192.168.10.5

Nikapingi kutoka kaunta. Kimya!! Nilitaka kulia. Mwanaidi kwa hasira zake akafungua programu ya stoo hivyo hivyo bila kuniuliza, na IKAFUNGUKA. Bati zote zinaonekana, geji 28, geji 30, mpaka kofia zake. Ping haipiti, programu inapita. Haya ni mambo ya kawaida au nimerogwa?

nuru_wa_kisauni – Jumanne, saa 9:30 alasiri

Hujarogwa, hiyo ni faiawoli ya Windows kwenye .8. Sheria ya kuruhusu ping, kwenye mtandao uliowekwa kuwa wa binafsi, kwa kawaida inakubali subneti (anwani za mtandao) ya hapo hapo tu. 192.168.20.21 kwake ni mgeni. Programu ya stoo ina sheria yake nyingine isiyojali mgeni anatoka wapi. Ifungue ile sheria ya ping, kwenye anwani za mbali ongeza 192.168.20.0/24 (/24 ni ile ile maski ya 255.255.255.0). Tafadhali usizime faiawoli nzima kwa ajili ya ping.

Ndiyo maana mimi ping ikinyamaza siiamini mpaka nijaribu na kitu chenyewe ninachokitaka.

mzee_wa_modemu – Jumanne, saa 10:00 jioni

Binti wa Mombasa kamaliza. Mimi naongeza swali tu: printa umeijaribu?

karani_wa_bati – Jumatano, saa 4:30 asubuhi

Jana usiku nilijaribu kuchapa hati kutoka .8 kwenda 192.168.20.50. Haikutoka. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hapa kuwauliza, halafu nikasita. Nikajiuliza swali la dada Nuru: printa yenyewe getiwei yake ni ipi? Asubuhi nimemwomba Mwanaidi aichape karatasi ya mipangilio. 192.168.20.1, ruta ya 4G! Kompyuta za kaunta nilizipa njia kwa mkono, printa sikuikumbuka. Hati inafika, printa ikitaka kujibu inajibu kwenye intaneti. Nikamwelekeza Mwanaidi, kwenye vile vitufe vidogo vya printa, aandike 192.168.20.2.

Nikatuma hati ya mifuko kumi ya saruji bila kumwambia. Sekunde chache simu ikalia.

"Kaka, printa imeanza kuandika yenyewe na hakuna mtu aliyeigusa. Niizime?"